Nyasi za Katikati

Kitu cha kwanza watakachowapa ni slasha ya kufyekea nyasi. Kagueni mpini kabla hamjasema asante. Mpini uliofungwa kwa mpira wa tairi maana yake aliyewatangulia alikuwa mtu makini, au alijikata. Mimi wangu niliufunga baada ya kujikata.

Vijana watatu wa kanisani kwetu wanakwenda kujitolea kwenye hifadhi ya wanyama, kukaa huko huko na kutunza uwanja, nao wameniomba niwaandikie mawaidha. Mawaidha sina. Nina miaka kumi na moja ya kufyeka, kuzibua mitaro, kupaka mawe chokaa na kuwarudisha ng'ombe wa watu walikotoka, yote bila mshahara. Nilikuwa nimekwenda kwa miezi mitatu.

Hifadhi yetu ilikuwa ndogo. Ungetoka Kisumu mjini kwa baiskeli, ukaacha lami, ukala vumbi kama saa moja na nusu, halafu ungeona waya upande wa ziwa. Ndani ya waya kulikuwa na uwanda wa nyasi, baada ya nyasi mafunjo, ambayo kwetu tunayaita togo, na baada ya mafunjo maji. Jina la mahali siliandiki, kwa sababu lilibadilishwa mara mbili na wenyewe hawajakubaliana mpaka leo. Nilifika katikati ya miaka ya themanini nikiwa na begi moja na redio mbovu. Nikapewa chumba cha mabati, godoro, unga na maharagwe ya kila wiki, na gambuti za mpira, mguu wa kulia mkubwa kuliko wa kushoto.

Msimamizi wetu aliitwa Bwana Wafula, mtu wa Bungoma, aliyeishi mjini na kuja Jumatatu na Alhamisi kwa pikipiki. Alikuwa na imani kubwa katika mawe meupe.

"Bwana Zakaria," aliniambia siku ya kwanza, "mgeni akiona mawe imepakwa chokaa, anajua hapa kuna mwenyewe."

Nikapaka mawe kando ya kila njia, mpaka ile inayoshuka majini. Kila asubuhi niliyakuta yale ya chini yametawanywa. Kwa mwezi mzima nilishuku watu. Niliwatazama vibaya wavuvi wasio na hatia, na mmoja nilimhoji mbele ya mkewe. Kumbe ni kiboko. Njia ile ilikuwa yake kabla yangu mimi na Bwana Wafula, na akitoka majini kwenda kula hakuona sababu ya kuzunguka mawe yetu. Msishindane na kiboko. Hamisheni mawe, halafu mwambieni msimamizi kwamba njia imepanuliwa. Bwana Wafula alifurahi sana, akaniletea chokaa zaidi.

Slasha inolewe kwa tupa, si kwa jiwe, na inolewe upande mmoja zaidi ya mwingine. Nyasi za uwanjani zikateni umande ungalipo, kwa sababu nyasi yenye maji husimama ikakatwa, kavu hulala chini ikakucheka. Nyasi za kuezekea nyumba ni kinyume chake. Hizo hukatwa kwa mundu, kiangazi kikiwa kimekolea, umande umekauka, la sivyo zitaoza ndani ya tita zikiwa bado zinanukia vizuri. Haya mtaambiwa na yeyote. Yanayofuata sikuambiwa na mtu mpaka nilipokuwa nimeshaharibu.

Mnyama wetu wa kujivunia alikuwa tohe. Kama hamjamwona si ajabu, kazi yake ni kutoonekana. Ni wa jamii ya swala, rangi ya nyasi kavu, anayelala katika nyasi ndefu na kukuacha upite hatua mbili kutoka pua yake. Akishtuka hupiga mluzi mkali, kama refa aliyetukanwa. Tulikuwa nao wachache, na kila mtoto aliyezaliwa Bwana Wafula alimwandika katika daftari lake kwa wino mwekundu. Wageni walipokuja niliwasomea karatasi yenye habari za tohe, kisha niliwaonyesha nyasi, nao waliondoka wakisema wamemwona.

Sasa lazima niseme habari za nyumba, kwa sababu bila nyumba hamtaelewa nyasi.

Nilikuwa nimeoa. Mke wangu alirudi kwao baada ya mwaka mmoja, na sababu zake zilikuwa nzuri. Nyumba yangu katika boma la baba ikabaki tupu. Nyumba isiyo na moshi mchwa huimaliza haraka, na katika mwaka wangu wa tatu hifadhini iliinama upande mmoja, halafu ikalala kabisa. Mimi sikujali. Nilikuwa na chumba cha mabati, hakuna aliyeniuliza nimekula nini, na wanyama hawakuwa na maoni juu ya ndoa yangu.

Aliyejali ni Owino, mdogo wangu. Alikuwa fundi baiskeli Manyatta, mtaa wa Kisumu, na alikuwa amempata Adhiambo, mshonaji wa nguo kule Nyalenda, msichana ambaye kila mtu nyumbani alimpenda kabla hajafika. Lakini kwetu mdogo hajengi katika boma la baba mbele ya mkubwa wake. Nyumba ya mkubwa ikiwa chini, ya mdogo haisimami. Akiisimamisha, amemhesabu kaka yake kuwa ameshakufa, na Owino hakuwa mtu wa kufanya hivyo. Naye baba yake Adhiambo, mzee wa kanisa, alikuwa amesema binti yake hataolewa katika chumba cha kupanga. Kwa hiyo Adhiambo alingoja nyumba ya Owino, nyumba ya Owino ilingoja yangu, na yangu iliningoja mimi.

Owino alikuwa akinitembelea Jumapili. Alikunywa chai, akakaza breki za baiskeli yangu bila kuombwa, na wakati wa kuondoka aliuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Omera, ndugu yangu, utajenga lini?"

"Mvua ikipita."

Mvua ilipita mara nne. Nataka mjue kwamba sikuwa na kazi nyingi hivyo. Nilikuwa naogopa. Mtu akishajenga huulizwa ataleta nani ndani, na mimi sikutaka kuulizwa.

Mwishowe hata mimi niliona haya. Mabati yalikuwa nje ya uwezo wa mtu wa kujitolea, na nyasi za kuezekea zilikuwa zimeadimika ufukoni kote, ng'ombe walikuwa wamezila mpaka mzizi. Ndefu zilizobaki zilikuwa zetu, ndani ya waya, ng'ambo ya mtaro, zilizonifika kifuani. Bwana Wafula alikubali nikate za paa langu mwisho wa kiangazi, kama shukrani. Nilipomwambia Owino aliacha spana ikaanguka, akaninyanyua kutoka chini mbele ya wateja wake, mtu mzima mimi na miguu ikining'inia.

Akaja Jumamosi na wanaume sita kutoka nyumbani, kila mmoja na mundu wake, na mbwa wawili.

"Mbwa wabaki nje ya waya," nikasema.

"Mbwa gani, Zaka?" akacheka mmoja wao. "Hawa ni watoto. Hawa hawajui hata kubweka."

Nikaacha. Nilikuwa na furaha siku hiyo, na mtu mwenye furaha ni mtunza uwanja mbaya.

Kwetu nyasi hukatwa kutoka pembeni. Mnazunguka, mnaingia ndani kidogo kidogo, na katikati kinabaki kisiwa. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya uzuri wa kazi. Kila kilichomo ndani ya nyasi, sungura, kwale, panya wa mwituni, hurudi nyuma kuelekea kisiwani, na jioni wakataji hula nyama. Baba alikata hivyo, na mimi nimekata hivyo tangu nilipoweza kushika mundu. Kwamba kuna namna nyingine halikuwahi kunijia kichwani.

Tangu saa tatu tohe jike alikuwa akipiga mluzi ukingoni mwa mafunjo. Alisogea, akasimama, akapiga mluzi, akarudi nyuma. Owino aliniuliza ana nini.

"Amechukia mbwa," nikamjibu, kwa sauti ya mtaalamu.

Nikaenda kuchemsha chai. Matita yalikuwa yakipangwa vizuri, wanaume wakiimba, na mimi nilikuwa nikihesabu fito kichwani. Niliporudi na birika kisiwa kilikuwa kimebaki ukubwa wa jiko la mtu. Mmoja akapiga makofi kuwatoa sungura. Mbwa wakaingia. Nilisikia sauti moja tu, fupi.

"Yawa," akasema aliyekuwa karibu. "Hii si sungura."

Mtoto wa tohe hakimbii. Mama yake humlaza katika nyasi na kwenda zake, hurudi kumnyonyesha mara moja kwa siku, naye hulala pale pale alipoachwa, hata ukimkanyaga. Alikuwa amelala pale tangu asubuhi akisikiliza miundu ikimzunguka, na mama yake hakuweza kupita kati ya watu saba kumfikia. Hayo yote niliyajua. Yalikuwa kwenye ile karatasi niliyowasomea wageni kila wiki kwa sauti yangu mwenyewe.

Wanaume walikunywa chai wamesimama, wakawafunga mbwa kwa kamba, jambo tulilopaswa kulifanya asubuhi. Owino alianza kubeba matita kuyapeleka langoni, ambako mkokoteni ulikuwa ukingoja.

"Yaache," nikasema. "Hazitoki."

"Nini haitoki?"

"Hizo nyasi."

Akaweka tita chini taratibu. "Zaka, mnyama amekufa. Nyasi haijafa."

"Hazitoki, Owino."

"Hii ni nyumba yako. Hii ni nyumba yangu pia. Baba yake Adhiambo amenipa mpaka mvua, unajua hiyo."

"Nimesema."

Akasema tu, "Sawa, wuod mama," mwana wa mama, akachukua baiskeli yake. Wale wengine walimfuata na mkokoteni mtupu. Matita thelathini na mawili yalibaki yamepangwa mstari, yakanyeshewa wiki iliyofuata, yakawa meusi, yakaota uyoga.

Jumatatu nilimweleza Bwana Wafula kila kitu bila kuficha. Alifungua daftari, akalitafuta jina la wino mwekundu, akapiga mstari. Hakunigombeza. Halafu akatazama ng'ambo ya mtaro.

"Na hiyo nyasi? Mbona haijaenda?"

Nilikuwa nimejiambia kwamba nazuia kwa heshima ya yule mtoto, kwamba ni haki mtu asifaidike na kosa lake. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira na nafsi yangu, nikatafuta wa kumwadhibu, na aliyekuwa karibu ni mdogo wangu. Mtakosea huko mwendako, hilo siwazuii. Ila mkikosea, tazameni vizuri bili mnampelekea nani.

Aliyenifundisha kukata nyasi, nikiwa na umri wa miaka thelathini na sita, alikuwa Mama Anyango. Huyu alikuwa mjane, mfumaji wa mikeka, aliyekata mafunjo ya mikeka yake nje kidogo ya waya wetu. Alikuwa na mguu mmoja mbovu na ulimi mzima. Alipita karibu na matita yaliyooza, akayagusa kwa fimbo.

"Nyathina, mtoto wangu, umeacha nyumba ioze?"

Nikamsimulia. Alisikiliza akitafuna kitu.

"Mlianza wapi kukata?"

"Pembeni, Mama. Kama kawaida."

"Kama kawaida ya kuwinda. Mlienda kuwinda, halafu unashangaa mmeua." Akatema. "Mimi naanzanga katikati. Naingia na njia moja, nyembamba, halafu nakata nikirudi nje. Kitu iko ndani inanisikia, inatoka upande yake. Na ile iko na mtoto naiachia mlango, ikuje imchukue."

"Na mtoto mwenyewe je? Hakimbii."

"Huyo unamwona kwa mama yake. Kwani huna macho? Jioni kaa chini, nyamaza, angalia mama anainamisha kichwa wapi."

Nikamshukuru. Alikwenda hatua chache akageuka.

"Na huyo Owino? Si na yeye ni mtoto wa mtu? Nani anamwachia mlango?"

Basi andikeni hii. Siku tatu kabla ya kukata, keti mahali pamoja saa kumi na moja jioni, upepo ukikupiga usoni. Jike atatoka kwenye mafunjo, atazunguka kama aliyepotea, kisha atasimama na kuinamisha shingo. Pale alipoinama, asubuhi, akiwa ameondoka, sogea mpaka hatua ishirini na uchomeke kijiti chenye kitambaa. Usisogee zaidi, na kwa vyovyote usimguse mtoto. Kata kuanzia katikati ya uwanda kwenda nje, na ukifika kwenye kijiti, acha duara la hatua ishirini, pamoja na ukanda wa nyasi unaokwenda mpaka kwenye mafunjo, ili mama apite bila kuonekana. Baada ya siku nne au tano atamhamisha mtoto mwenyewe. Kaa tena, tazama tena, ndipo ukate pale palipobaki. Miaka ya tisini, magugu maji yalipoziba ghuba na watu wakaanza kuleta misaada, tuliletewa mashine ya kukata nyasi, nyekundu, yenye kelele. Hata hiyo ianzeni katikati. Mashine haisikii mluzi, na wewe uliye juu yake husikii pia.

Kazi hii ni ya mtu mmoja, na ni ya polepole kiasi cha kukera. Ambacho wanaume saba walikifanya kwa siku moja, mimi nilipiga hesabu kitanichukua viangazi viwili. Nilikwenda kwa Bwana Wafula kumwomba ruhusa mara ya pili.

"Kata," akasema. "Lakini ukikosea tena, utaondoka na nyasi yako."

Kisha nikaendesha baiskeli mpaka Manyatta. Owino alikuwa akipima mpira wa ndani kwenye karai la maji, akitafuta tundu. Hakuinua kichwa.

"Viangazi viwili," nikasema.

"Viwili?"

"Viwili. Na nisamehe kwa yale matita."

Mapovu yakatokea. Akaweka kidole juu ya tundu. "Mimi nimekusamehe. Adhiambo mwambie mwenyewe."

Sikwenda kumwambia. Nilipita Nyalenda, nikaiona cherehani yake barazani, nikaendelea kukanyaga pedali. Kwa hiyo alikuja yeye.

Ilikuwa Jumapili, kiangazi cha kwanza kikikaribia kuisha. Alitoka kanisani moja kwa moja, viatu mkononi kwa sababu ya vumbi, na mkoba begani. Ndiyo mara yetu ya kwanza kuonana.

"Wewe ndiye Zakaria?"

"Ndiye, shemeji."

"Bado sijakuwa shemeji. Hiyo ndiyo shida. Nataka kuona hii nyasi."

Nikampeleka ng'ambo ya mtaro. Nilimwonyesha sehemu niliyokata, kijiti chenye kitambaa, na duara nililoliacha. Nilikuwa na maelezo mengi, akanyanyua mkono ninyamaze. Tukaketi. Jua liliposhuka jike akatoka kwenye mafunjo, akafuata ule ukanda, akainamisha shingo. Kwa kitambo kidogo yalisimama masikio mawili madogo kando ya mguu wake, yakazama tena. Katika miaka ile yote nilikuwa nimewaonyesha wageni wengi nyasi. Huyu ndiye wa kwanza kuona.

"Mimi nangojea kwa sababu ya huyu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Si huyu. Ni mwenzake, wa mwaka jana."

"Na huyu atamaliza lini kulala?"

"Siku nne. Tano."

Alivaa viatu. "Baba ananiambia kuna mtu wa duka anauliza habari yangu. Ana nyumba ya mawe." Akapangusa vumbi kwenye mkoba. "Nitamwambia baba bado nyasi inakua. Lakini wewe, shemeji, kata. Usiku na mchana kata."

Aliniita shemeji. Sikukata usiku, ila kiangazi kilichofuata nilikuwa nje kila siku umande ukikauka, na sikupumzika Jumapili. Sitaki kuwadanganya kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya tohe.

Nyumba yangu ilisimama kiangazi cha pili, ikiwa na paa nene ambalo baba alilizunguka mara mbili bila kupata la kusema. Nililala humo usiku wa kwanza, kama inavyotakiwa, peke yangu, na hakuna aliyeniuliza swali. Asubuhi Owino alichimba shimo la nguzo yake ya kwanza jua halijatoka vizuri. Kuta alizimaliza kwa mwezi mmoja. Tangazo la ndoa likasomwa kanisani. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya ziwa, na zilibaki nyasi tu.

Bwana Wafula alimruhusu Owino naye, akaja hifadhini peke yake, bila mbwa, na mundu alioufunga kwa kitambaa. Alianza katikati. Sikumwelekeza zaidi ya mara moja, mikono yake ilikuwa imezoea kutafuta tundu dogo kwenye mpira mkubwa. Kutazama na kuchomeka vijiti nilikuwa nimeshamfanyia, kwa hiyo alikata siku sita tu. Siku ya saba yalibaki matita mawili kukamilisha paa, na uwanda wote ulikuwa umeisha, isipokuwa duara moja lenye kijiti cha kitambaa. Tulikuwa tumeketi jioni tatu. Jike hakuwa amemhamisha mtoto.

Ngurumo ilisikika upande wa ziwa. Owino alisimama na mundu mkononi, akatazama mawingu, akatazama kijiti.

Nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema. "Kata, Owino. Nitamnyanyua mtoto nimsogeze. Nitamweleza Bwana Wafula."

"Si ulisema mtu akimgusa, mama yake anamwacha?"

"Mara nyingine hamwachi."

"Zaka."

"Nakudai... hapana, wewe ndiye unanidai. Matita thelathini na mawili. Kata, nakuomba."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, na nilitaka kwa moyo wote aseme ndiyo, na nilijua kwamba akisema ndiyo kesho yake nitaondoka pale na begi langu. Aliinama, akaufunga mundu kwa kile kitambaa chake.

"Ulisema hapo hapakatwi," akasema. "Nisaidie kufunga hizi."

Tulizipakia kwenye mkokoteni, tukasukuma mpaka nyumbani, na akaezeka kesho yake kuanzia chini kwenda juu, kama wote tunavyoezeka. Nyasi zilikwisha karibu na kilele, juu ya chumba cha kukaa, pengo la yale matita mawili. Akazivuta zilizokuwepo, akazitandaza nyembamba, akafunga. Kutoka chini hukuona kitu. Owino na Adhiambo walioana chini ya paa hilo, mzee wa kanisa alikula samaki wawili, na mimi nilirudi kazini Jumatatu kwa sababu Bwana Wafula alitaka mawe yapakwe.

Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta kwao, tumeketi watatu mezani. Tone likaanguka katikati ya meza, halafu jingine, halafu mstari. Owino akaruka, akasema kesho atapanda na kuziba, hata kwa nyasi za kuokoteza, hata kwa karatasi ya nailoni. Adhiambo alikuwa ameshakwenda jikoni. Alirudi na karai, akaliweka chini ya matone, akaketi.

"Wacha tu," akamwambia mumewe. "Hapo mtoto amelala."

Mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikalisogeza karai kidogo, maji yaingie katikati.